Mwalimu mkuu Skinner wa The Simpsons: jina lake ni lipi hasa?

#1 FundiSimu_Mwanga

Wakuu kwema? Nipo hapa Mwanga, Kigoma, umeme umekatika toka saa kumi, nikaona kabla ya kufunga ofisi nifungue laptop, kuna mteja wangu wa siku nyingi alinijazia flash ile katuni ya Kimarekani The Simpsons, msimu wa 9 wote. Nimefika epi (episode) ya pili na mpaka sasa sijakaa sawa.

Mnamjua Skinner, yule mwalimu mkuu wa shule anayosoma mtoto mtundu Bart. Miaka yote tunajua ni Seymour Skinner, alipigana Vietnam, anaishi na mama yake Agnes ambaye anamwendesha kama mtoto wa chekechea, na anamwogopa bosi wake Chalmers kuliko kitu chochote duniani. Sasa kwenye hii epi wanamfanyia sherehe ya miaka 20 ya ualimu mkuu, katikati ya sherehe anaingia mtu mzima mmoja anasema yeye ndo Sajenti Seymour Skinner. Na huyu wetu anakiri palepale! Kumbe jina lake ni Armin Tamzarian, yatima wa Capital City, kijana wa pikipiki na koti la ngozi, akaingia kwenye kesi akaishia jeshini, huko Vietnam Skinner wa kweli akawa sajenti wake, akamkalisha chini akamfundisha kuwa mtu. Ukatokea mlipuko, wakajua sajenti kafa, Armin akaenda mpaka Springfield, mji wa katuni hii, kumpa mama taarifa ya msiba, mama kufungua mlango akamwita mwanangu. Basi akakaa. Miaka yote hiyo amekaa.

Mi nasema hii epi isihesabiwe. Huwezi kumchukua mtu tuliyemjua miaka minane halafu unatuambia hatukuwa tunamjua. Mwenye hoja tofauti alete.

#2 KatongaBoy

Nipo na wewe mkuu. Ile epi ilinikata stimu, niliiona nipo chuo nikaizima kabla haijaisha. Ngoja wale wa Tabora waje na hoja zao ndefu.

#3 Isevya_Kwanza

Tumekuja. Mwangaluka wote.

Kwanza tuweke kumbukumbu sawa. Hiyo epi ilirushwa Marekani tarehe 28 Septemba 1997, mwandishi Ken Keeler, na sauti ya Skinner wa kweli ni Martin Sheen. Mleta uzi usijione uko peke yako, kwa sababu Harry Shearer mwenyewe, ambaye ndo sauti ya Skinner toka mwanzo, aliikosoa waziwazi, akasema wamechukua kitu ambacho watazamaji wamewekeza moyo wao miaka minane au tisa wakakitupa jalalani bila sababu. Matt Groening mwenye katuni yake naye hakuipenda. Kwa hiyo una watu wakubwa upande wako.

Ila mimi naipenda, na naipenda kwa sababu ileile inayokuudhi. Mwisho wa epi watu wa Springfield wanaona Skinner wa kweli hawamzoei, wanamfunga kwenye kiti juu ya behewa la wazi, treni inaondoka naye, halafu hakimu anatoa amri kwamba huyu Armin kuanzia leo ndiye Skinner, jina ni lake, ya nyuma ni yake na ya mbele ni yake, na atakayeligusa tena suala hili ataadhibiwa kwa mateso. Keeler alieleza baadaye kwamba aliandika kuhusu jamii ya watu wanaotaka mambo yabaki kama walivyoyazoea, na anayekuja kuwaambia ukweli wanamfukuza. Epi ikarushwa, watazamaji wakakasirika vilevile kama wale wa ndani ya katuni. Mwandishi aliona mbali aisee.

#4 Mama_Wawili

Mimi swali langu dogo, kwani ni kosa? Alimfuta machozi mama wa watu. Asante.

#5 KatongaBoy

@Mama_Wawili ni kosa dada yangu, mama wa watu alikuwa na haki ya kulia msiba wake.

#6 Mwl_Mstaafu_Urambo

Vijana, hamjambo. Nimefundisha miaka thelathini na nne, nimekuwa mwalimu mkuu miaka tisa, kwa hiyo huyu Skinner mimi namtazama kwa jicho la kikazi, wajukuu wangu ndio walionionyesha.

Kuna jambo hamjaligusa. Iko epi, nadhani ya mwaka 1999, Skinner anasimulia alivyokuwa mateka wa vita, anasema walikuwa wanapewa mchuzi mwepesi wa samaki, mboga, kamba na tui la nazi, na aliporudi kwao akahangaika kuutafuta mchuzi ule asiupate ladha yake. Sasa kwa hadithi ya Armin, aliyetekwa ni yule sajenti. Sajenti ndiye aliyekaa kifungoni, kisha akapelekwa China kufanyishwa kazi kwenye kiwanda cha raba. Armin alirudi Marekani kupeleka taarifa ya msiba. Je, mchuzi ule aliunywa nani?

#7 Isevya_Kwanza

Shikamoo mwalimu. Hilo swali ni zito, nalirudia kichwani toka nimelisoma. Marekebisho kidogo tu, kwa heshima: hiyo epi ya mchuzi ni ya msimu wa 7, mapema 1996, ile ambayo Homer, baba yake Bart, anaanzisha timu ya boling. Ni kabla ya epi ya Armin. Na inabadilisha hoja, kwa sababu Keeler alipoandika 1997 mchuzi ulikuwa tayari umeshanywewa, alitakiwa aujue.

#8 Mwl_Mstaafu_Urambo

Marahaba. Nimepokea, ni 1996. Kalamu nyekundu imepita.

#9 Gungu_Dj

Mwalimu jibu lake ni rahisi, waandishi wapo wengi, kila mmoja anaandika epi yake, huyu wa mchuzi alitaka kichekesho na huyu wa Armin alitaka hadithi, hawakukaa meza moja. Halafu kuna hili la uongozi: msimu wa 7 na wa 8 ulisimamiwa na Bill Oakley na Josh Weinstein, msimu wa 9 akaingia Mike Scully, lakini epi ya Armin ilikuwa kiporo cha Oakley na Weinstein, ilitengenezwa kwenye kundi la msimu wa 8 ikabaki, ikarushwa chini ya bosi mpya. Kwa hiyo mkisema Scully ndo aliharibu mnamwonea.

#10 Ntare_wa_Kasulu

Mwakeye. Mimi huwa nasoma tu sichangii ila leo mmenigusa sehemu.

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nyinyi mliozaliwa juzi hamjui, ila miaka ya themanini darasa la saba ukifeli umefeli, kurudia hairuhusiwi, kwa hiyo mtoto mwenye akili ambaye siku ya mtihani malaria ilimlaza alikuwa anahamishiwa shule ya mbali, anarudia kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule. Baba mdogo alirudia kwa jina la kijana aliyekwenda ziwani kuvua dagaa asirudi darasani. Akafaulu. Akaenda sekondari kwa jina hilo, akaenda chuo cha ualimu kwa jina hilo, akaajiriwa, akaoa, watoto wake wote wanaitwa kwa jina la baba ambaye ni huyo mvuvi. Sisi ndugu nyumbani tulimwita jina alilopewa na bibi, shuleni wanamwita Mwalimu fulani, na yeye aliitika yote mawili bila kugeuza hata shingo.

Alipofariki ndipo nilipoliona jambo lenyewe. Fundi seremala ameshachonga msalaba, ameushikilia kwenye magoti, mkono mwingine brashi ina rangi nyeusi, anauliza niandike lipi. Watu wazima wote kimya. Walimu wenzake wako upande huu wa turubai na daftari la rambirambi, wamelia kwa jina la cheti. Akina bibi wako jikoni wanaomboleza kwa jina la kuzaliwa. Rangi inadondoka kwenye majani. Mwisho shangazi akasema andika yote, yule fundi akaandika la kwanza kwa herufi kubwa, nafasi ikaisha, la pili ikabidi aliandike kwenye mti wa kusimama, kutoka juu kwenda chini, herufi moja moja.

Kwa hiyo mleta uzi ukisema Armin siyo Skinner mimi sikuelewi. Yule aliyesimama shuleni miaka 20, akashika chaki, akawaadhibu kina Bart na kuwapenda, ndiye. Kama siye, basi waliosomeshwa na baba mdogo hawajasoma.

#11 FundiSimu_Mwanga

Pole sana kaka. Nimesoma mara mbili. Sikufikiria upande huo kabisa.

#12 Mama_Wawili

Pole kaka yangu. Hapo kwenye herufi moja moja kwenda chini nimeacha kupika kwanza.

#13 Cheyo_Legal

Pole ndugu Ntare. Ila naomba nisimame upande wa pili, na nasimama kwa dhati. Tunamsahau mwenye jina.

Aprili 2017 pale Dodoma rais alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini, na kulikuwa na kundi jingine la vyeti ambavyo kimoja kinatumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Mimi nina binamu ambaye alikwenda kuomba kazi akaambiwa jina lako na namba yako ya mtihani tayari vina mtu kazini. Alikuwa na cheti chake mkononi! Alihangaika kwa muda mrefu kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye, anapanda gari kwenda, anarudi, anaambiwa lete kiapo, anapeleka kiapo, anaambiwa lete na wa kukutambua. Alikonda.

Sasa mtazameni yule sajenti. Ametekwa, ameteswa, amefanyishwa kazi kiwandani, ameishi kwa ndoto moja tu kwamba siku moja atarudi Springfield awe mwalimu mkuu, na ndoto hiyo alimsimulia Armin kwa mdomo wake mwenyewe. Anafika anakuta nyumba ina mtu, mama ana mtoto, ofisi ina mwalimu mkuu. Hajamkosea yeyote. Wanamfunga kwenye kiti. Epi nzima inatutaka tufurahi behewa likiondoka, na mimi kila nikifika hapo nasimamisha.

#14 Ntare_wa_Kasulu

@Cheyo_Legal hapo umenipiga. Yule mvuvi sijawahi kujiuliza habari zake.

#15 Kanyenye_Mtoto

Mnazunguka sana. Agnes alijua. Hilo ndo jibu, tufunge uzi.

Mama gani asijue uso wa mwanae? Armin hafanani hata kidogo na yule sajenti, sauti tofauti, sura tofauti, mwenyewe alikwenda pale na barua ya msiba mdomoni. Mama kamtazama, kaona huyu kijana hana mama na mimi sina mtoto, akamwita mwanangu, akampeleka chumbani. Aliamua. Na ndio maana sajenti aliporudi na kukataa kuamrishwa, mama huyohuyo akapanda gari la kina Homer na mwalimu Krabappel mpaka Capital City kumfuata Armin. Hakufuata damu, alifuata yule anayesikia akiitwa.

#16 Gungu_Dj

Kanyenye umejibu kama mganga. Uzi haufungwi.

Halafu kama Agnes alijua, mbona tabia yake ilibadilika? Nendeni epi ya 1990 ile Bart anapelekwa Ufaransa, mama Skinner ametembelea shule, ni bibi mpole kabisa, anamwita mwanae kwa jina la utani la utotoni mbele ya watu, hana ukali wowote. Ukali ulikuja misimu ya baadaye. Bibi huyo na huyu tuliyemzoea ni watu wawili. Tuseme na yeye ni Armin?

#17 KatongaBoy

Bart alimlipulia baruti chooni kwenye epi hiyohiyo, hata wewe ungekuwa mkali.

#18 Gungu_Dj

Hahaha hiyo nimeikubali.

#19 Isevya_Kwanza

Hoja ya Kanyenye (#15) ina ushahidi ambao wengi hawaujui, na ni kisa cha kweli. Keeler alisema alichukua wazo kwenye kesi moja ya Uingereza, kesi ya Tichborne.

Roger Tichborne alikuwa kijana wa familia tajiri, mwaka 1854 akapanda meli kutoka Brazili, meli ikapotea na watu wake wote. Mama yake akakataa kuamini. Akatoa matangazo mpaka Australia kwamba anamtafuta mwanae. Akajitokeza muuza nyama wa mji unaitwa Wagga Wagga, mnene, wakati Roger alikuwa mwembamba, hajui Kifaransa, wakati Roger alikulia Paris. Akasafiri, akakutana na mama huko Paris, mama akamtazama akasema huyu ni mwanangu, akampa na posho ya kuishi. Ndugu wengine wakapinga. Mama akafariki 1868, ngao ya jamaa ikaondoka. Kesi zikaunguruma, ya madai ilianza 1871, ya jinai ikaisha 1874 akafungwa miaka 14, akatoka 1884. Mahakama ilimtaja kuwa ni Arthur Orton, mtoto wa muuza nyama wa London.

Na sasa Ntare sikiliza hii, nimeikumbuka kwa sababu ya msalaba wako. Alipokufa 1898 familia ya Tichborne iliruhusu jeneza lake liwekwe kadi yenye jina la Sir Roger Tichborne. Watu waliomshinda mahakamani.

#20 Ntare_wa_Kasulu

Aisee.

#21 Mama_Wawili

Kwa hiyo mama alidanganywa au alikubali?

#22 Isevya_Kwanza

Dada, watu wanabishana mpaka leo.

#23 Mawese_Pure

Samahani nje ya mada, kuna mtu anatoka Kigoma kwenda Tabora wiki hii? Nina dumu la mawese la lita 20 na kilo tatu za dagaa wa shangazi yangu pale Ipuli.

#24 KatongaBoy

Mkuu nenda stesheni uone kama kuna mtu unayemjua. Sisi wa mwisho wa reli hatukosi msafiri.

#25 Kanyenye_Mtoto

Hizo dagaa zikipita Kanyenye hazifiki Ipuli, nawaambia mapema. Na sisi tuwape asali mrudi nayo.

#26 Mawese_Pure

Nimepata mtu. Asanteni. Na mimi nasema Armin ndo Skinner, mwenzake alikuwa mgeni.

#27 Hesabu_Za_Kitete

Wote mnapigania kitu ambacho hesabu imeshakiua. Vikosi vya Marekani viliondoka Vietnam 1973. Skinner tunaonyeshwa yuko Da Nang 1969. Mpe miaka 18 tu wakati huo, amezaliwa 1951. Leo ana zaidi ya 70. Hapa kwetu angestaafu kwa lazima akiwa na 60. Lakini bado yuko ofisini, na Bart bado ana miaka 10, mdogo wake Lisa 8, na kitinda mimba Maggie bado ana chuchu bandia mdomoni tangu 1989.

Katuni hii muda wake hautembei. Epi ya 1991 inasema Homer na mkewe Marge walimaliza sekondari 1974. Epi ya 2008 ikahamisha ujana wao wote ikaupeleka miaka ya tisini, kwa sababu kama Homer hazeeki na kalenda inakwenda, lazima ujana wake usogee. Kwa hiyo Vietnam yenyewe imeshamponyoka Skinner, awe Seymour awe Armin. Hakuna aliyetekwa, hakuna aliyekunywa mchuzi.

#28 Mwl_Mstaafu_Urambo

Kijana wa hesabu, nimekusoma. Lakini mhusika anazeeka kwa aliyoyapitia hata kama sura haizeeki. Maude Flanders, jirani wa kina Homer, alifariki mwaka 2000, hakurudi. Yule mpiga saksafoni rafiki wa Lisa alifariki 1995. Na Bi Krabappel, aliyempa sauti, Marcia Wallace, alipofariki Oktoba 2013 walimwacha apumzike pamoja na mhusika wake. Kwa hiyo kalenda yao inakataa kutembea lakini msiba unakubali. Na kama msiba unahesabiwa, kwa nini kukiri kwa Armin kusihesabiwe?

Nirudi kwenye swali langu la mchuzi, maana hamjalijibu. Mimi nina jibu, nimekaa nalo toka jana. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilimrithi mtu aliyekaa pale miaka mingi kuliko mimi. Nilikuta kabati lake, kikombe chake cha bati chenye kovu kwenye mdomo, kengele yake. Baada ya miaka mitatu nilikuwa nawasimulia walimu wapya jinsi paa lilivyoezuliwa na upepo mwaka fulani, nasimulia kabisa nilivyowakimbiza watoto chini ya mwembe. Siku moja mhudumu wa zamani akaniambia taratibu, mwalimu, mwaka ule ulikuwa hujaja. Sikuwa nasema uongo. Nilikuwa nimekisikia kisa kile mara nyingi mpaka nikakiona kwa macho. Nadhani Armin alilala chumba cha sajenti miaka 20, mama anamsimulia utoto ambao si wake, watu wanamuuliza vita ilikuwaje. Mchuzi ule ni wa kujazia. Na ndio maana hakuupata ladha yake popote.

#29 Hesabu_Za_Kitete

Mwalimu, sina cha kuongeza. Shikamoo.

#30 Gungu_Dj

Mwalimu ni nzuri sana ila ina tundu. Sajenti alitekwa baada ya Armin kuamini kwamba amekufa, sasa habari za kifungo alizisikia kwa nani? Hakuna mtu Springfield aliyekuwa anajua kwamba kuna mateka.

#31 Mwl_Mstaafu_Urambo

Hapo umenishika. Nitafikiri.

#32 Kanyenye_Mtoto

Labda walitekwa wote kwa nyakati tofauti. Vita ni kubwa.

#33 Reli_ya_Kati

Nachangia kutoka Tabora mjini, eneo la stesheni. Babu mzaa mama alikwenda vita ya Uganda kama mgambo mwishoni mwa 1978. Kampala ikaanguka Aprili 1979, wenzake wakarudi, yeye kimya. Mwaka ukapita, wazee wakakaa, wakaanua tanga. Bibi akanyoa. Mdogo wake babu akaanza kulima shamba la nyumbani ili watoto wale, na watoto wadogo, akiwemo mama yangu, wakaanza kumwita baba.

Babu akarudi. Alikuwa amelazwa mbali, mguu, na barua aliyotuma haikufika. Mama anasema alimwona mtu mwenye fimbo anakuja kutoka njia ya stesheni, akakimbilia ndani kwa yule baba aliyemzoea, akamwambia baba kuna mtu. Yule mdogo mtu akatoka na jembe mkononi. Wakasimama hivyo, wanatazamana, hakuna aliyesema kitu, mpaka bibi akaweka kigoda nje katikati yao. Kigoda kimoja. Mama hadi leo hakumbuki nani alikikalia.

Waliishi wote boma moja mpaka uzee. Mama aliwaita wote baba. Kwa hiyo mkiuliza kwa nini Springfield haikuweza kuweka kigoda, mimi ndo swali langu. Mji mzima ule ukakosa nafasi ya Skinner wawili?

#34 Cheyo_Legal

Hili ndilo nililokuwa natafuta kulisema toka #13 nikalikosa. Asante sana.

#35 FundiSimu_Mwanga

Nimerudi wakuu. Umeme ulirudi saa nne usiku nikaitazama tena yote. Nakiri sisimami tena pale nilipoanzia, ila sijahamia kwa yeyote pia.

Kinachonisumbua ni kwamba wenye katuni nao hawajaamua. Kuna epi ya 2004, paka wa Lisa wanakufa mfululizo, wa mwisho anaamua kumwita Snowball II kama yule wa zamani ili mambo yarudi kama yalivyokuwa, Skinner anapita anasema hiyo si ni udanganyifu kidogo, Lisa anamjibu ni kweli, Mwalimu Tamzarian. Skinner anageuka kimyakimya anaaga. Kwa hiyo Lisa anakumbuka! Amri ya hakimu ilivunjwa na mtoto wa miaka 8. Halafu epi ya 2010 ile ya mashindano ya majira ya baridi, Agnes anasimulia aliruka kwa fimbo Olimpiki ya 1952 akiwa na mimba ya Skinner, mtoto akapiga teke kutoka tumboni akaangusha ile fito, mama akakosa medali na ndo chanzo cha hasira zake. Hapo anamsema huyuhuyu wa kwetu kana kwamba ni yeye aliyekuwa tumboni.

#36 Kanyenye_Mtoto

Umeona! Anamlaumu kwa teke ambalo hakupiga. Huyo amekubali kuwa mama mzima mzima, mpaka lawama kamrithisha.

#37 Gungu_Dj

Au waandishi walisahau tu. Miaka 13 imepita kati ya epi hizo.

#38 KatongaBoy

@FundiSimu_Mwanga umenisaliti mkuu, nilikuwa jeshi lako.

#39 FundiSimu_Mwanga

KatongaBoy njoo ofisini nikufungulie uitazame mpaka mwisho, maana wewe ulisema uliizima. Nusu ya hoja zako ni za epi usiyoimaliza.

Na kuna jambo moja nimekuja kuwaambia. Jana wakati naitazama, shangazi yangu alikuwa hapo pembeni anachambua dagaa kwenye ungo. Hajui Kiingereza, nilikuwa namtafsiria juu juu. Yeye alizaliwa Ujiji, mume wake alifanya kazi reli maisha yake yote. Mambo ya jina hayakumshughulisha kabisa, alikuwa anachambua tu, anatupa vichwa pembeni. Ilipofika pale behewa linaondoka na yule sajenti amefungwa kwenye kiti, akasimamisha mkono. Akaniuliza, huyu alishukia wapi?

Nikamwambia shangazi hawaonyeshi. Akaniuliza tena, nani alimfungua kamba?

#40 Reli_ya_Kati

Kwa njia yetu lazima angebadilishia Tabora, ya Mwanza na ya Kigoma zinakutana hapa. Mwambie shangazi tungemfungua.

#41 Ntare_wa_Kasulu

Nimeuliza nyumbani habari za yule mvuvi. Wanasema alihamia upande wa Kalya, huko ziwani kusini ya Kigoma. Ijumaa nitaongea na mtu anayeujua ukoo wake.